Naombeni msaada: mtoto wa dada anatakiwa upasuaji wa uti wa mgongo, hela hatuna

mjomba_makambako
Wakuu habari zenu, naombeni mnisome mpaka mwisho. Mtoto wa dada yangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Tangu anazaliwa ana nywele ndefu zimeota katikati ya mgongo, na pale kijijini watu walishaongea mengi ambayo sitaki kuyarudia hapa. Mguu wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia na unyayo umepinda, kila tulipompeleka anawekwa plasta mguuni na kurudishwa nyumbani. Mwaka jana akaanza kujikojolea mchana, wenzake wakamcheka, shule hataki tena, na sa hivi hata mgongo wenyewe unaanza kwenda upande. Ndo tukapewa rufaa mpaka Dar, kapigwa picha ya MRI, daktari akatueleza kwamba ule uti wenyewe, yaani mishipa ya fahamu inayopita ndani ya pingili, umegawanyika vipande viwili na katikati kuna kimfupa kimesimama, kwahiyo mtoto anavyorefuka uti unashindwa kupanda, unavutwa, ni kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kasema ni tatizo la kuzaliwa nalo na si la kawaida, linatakiwa litolewe kwa upasuaji.

Hospitali moja ya binafsi wametutajia zaidi ya mil 20. Dada anauza mboga sokoni na baba wa mtoto hajulikani alipo. Ukoo umegawanyika, kuna wanaotaka tuuze shamba la marehemu babu, wengine wanasema tuchange twende India. Naulizeni nyie mliopitia, tunaanzia wapi? Na michango ya mtandaoni inafanywaje watu waamini?

nesi_mstaafu_tanga
Pole sana mwanangu, wewe na dada yako. Nimefanya kazi wodi za watoto miaka mingi, hivyo nitasema moja kwa moja. Msiuze shamba bado na India muiweke pembeni kwanza. Upasuaji wa aina hii unafanyika hapahapa, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana mabingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa miaka mingi madaktari wa Weill Cornell, chuo cha udaktari cha New York, wamekuwa wakija kufanya kazi na kufundishana nao mambo ya mgongo. Mpelekeni kliniki na zile picha za MRI, mbebe CD na ripoti yake, siyo ripoti tupu.

Sasa hela. Kila hospitali kubwa ya serikali ina afisa ustawi wa jamii, na watu wengi wanapita mlangoni kwake bila kujua kazi yake. Sera inasamehe watoto chini ya miaka 5, wa kwenu kashavuka, ila msamaha kwa asiye na uwezo upo na unaombwa kwa kufuata utaratibu, anzeni na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema hali ya familia, na kama kaya iko TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, iandikwe humo humo, halafu nendeni nayo ustawi KABLA ya tarehe ya upasuaji kupangwa, maana ukienda siku ya kutoka wodini na bili mkononi inakuwa kazi kubwa kwa kila mtu. Wanaweza kusamehe yote au sehemu, inategemea. Dada aongee mwenyewe, asione aibu, aseme anauza nini na anaingiza kiasi gani.

Kuhusu bima, sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023, lakini msikate leo mkitegemea ilipie upasuaji wa mwezi ujao, ulizeni kwanza ofisi ya mkoa ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, wanalipa nini na kuanzia lini.

mama_wa_pili
Nimesoma hii nikalia. Wangu uti ulikuwa umenasa kwa chini, hakukuwa na kimfupa lakini dalili ni hizohizo, mguu, mkojo, choo kigumu. Ameshafanyiwa. Kaka nikuambie kitu ambacho mimi nilichelewa kuambiwa, mnaposubiri hela msisubiri na figo. Ombeni apigwe ultrasound ya figo na kibofu sasa hivi, hiyo haina gharama kubwa, maana mkojo ukibaki kibofuni unarudi juu na figo zinaharibika kimyakimya mtoto akiwa anacheza tu. Wangu alifundishwa kutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya masaa machache, mwanzoni nilitetemeka mikono, sa hivi anajitoa mwenyewe shuleni na hajilowanishi tena.

Pia mjue upasuaji unazuia isiendelee kuharibika, siyo lazima kila kilichopotea kirudi. Mguu wa wangu umepata nguvu kidogo, mkojo bado. Nasema hivi ili mkichangisha msiwaahidi watu kwamba atarudi mzima kabisa, wengine watakuja kuuliza hela yao ilienda wapi. Na bajeti isiishie kwenye upasuaji, kuna nauli, pa kulala Dar, chakula cha mama wodini, mazoezi ya viungo, kliniki za kila mara, MRI nyingine baadae kwa sababu anavyokua uti unaweza kunasa tena. Hapo ndipo shamba litahitajika!

Watafuteni ASBAHT, ni chama cha wazazi wa watoto wenye mgongo wazi (spina bifida) na kichwa kikubwa (kichwa kujaa maji). Tatizo la wenu ni ndugu wa mgongo wazi, mtapata wazazi wa kuwaelekeza hata pa kufikia.

wanjiru_wa_nakuru
Pole sana. Huku Kenya watoto wa mgongo wengi hupelekwa hospitali ya Kijabe, lakini kwa familia ya Makambako naona kuvuka mpaka ni gharama juu ya gharama. Mimi nina kyphosis, yaani kibiongo, nilisoma sana hii mambo. Muulizeni daktari swali moja: mgongo ukinyooshwa, hicho kimfupa kitatolewa kwanza? Kwa hii shida madaktari wengi huanza na kimfupa, kwa sababu ukinyoosha mgongo na uti bado umeshikwa unaweza kuumia. Kama mpindo utakuja kuwa mkubwa sana baadaye, kuna hospitali ya FOCOS kule Accra, Ghana, ya daktari Oheneba Boachie-Adjei, wamefanyia upasuaji watoto wengi wa Afrika wenye migongo iliyopinda vibaya. Lakini hiyo si ya leo.

katibu_michango
Nimeshasimamia michango ya wagonjwa kadhaa kanisani kwetu. Watu hawakatai kutoa, wanaogopa kuibiwa, maana picha za wagonjwa zinaibwa kila siku na kuwekewa namba nyingine. Kwahiyo msianze bila makadirio ya maandishi ya hospitali yenye mhuri. Hela nyingi iingie moja kwa moja akaunti ya hospitali kwa control number (namba ya malipo wanayotoa hospitali), ile ya nauli na chakula ndo iende kwenye kikundi cha M-Koba, akiba ya kikundi kwenye simu, ambapo hela haitoki mpaka wengine waidhinishe, mwekahazina asiwe ndugu wa damu, mwalimu au mzee wa kanisa anafaa. Jumapili kwa Jumapili wekeni kilichoingia na kilichotoka. Na tafadhali msimpige picha mtoto akiwa hana nguo mgongoni wala kuandika habari za kujikojolea, atarudi shule huyo. Andikeni "upasuaji wa uti wa mgongo", inatosha, anayetaka zaidi aonyeshwe barua ya daktari.

mjomba_makambako
Wakuu Mungu awabariki, nimemsomea dada yote haya kwenye simu. Shamba tumelisimamisha. Kesho naenda kwa mtendaji kuchukua barua, na ultrasound tutafanyia hapa hapa mkoani kabla ya kurudi Dar. Nesi, hiyo barua ya mtendaji inatakiwa ipitie na kwa afisa ustawi wa halmashauri au inaenda moja kwa moja MOI?

nesi_mstaafu_tanga
Ipitishe halmashauri wagonge mhuri, inakuwa na uzito zaidi. Toa kopi, orijino usimwachie mtu. Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama hakipo anza nacho RITA, wanaosajili vizazi, kesho hiyohiyo.