Nimetimiza 45, ile asilimia 20 ya NSSF nitoe au nisubiri 55? Wakubwa nisaidieni

MtuWaArua
Salaam ndugu zangu. Mwezi uliopita nimetimiza 45 na tangu siku hiyo usingizi umekata. Niko Kampala, stoo ya kampuni ya mizigo, mwaka wa 17 huu, NSSF, ile akiba ya uzeeni, inakatwa kila mwezi, mimi asilimia 5 tajiri anaweka 10. Sheria ilibadilishwa 2022, ukifika 45 na umechangia miaka 10 unaruhusiwa kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba. Waliopita huu umri niambieni, mtu wa 45 anatakiwa awe ameshajua nini? Mi naona kila kitu nimekijua kwa kuchelewa.

DerevaMalaba
Mi niko 52. Nikiwa 25 nilikuwa naamini hela ya safari haiishi, tunapakia Malaba tunashusha Kigali, tukirudi nyama choma na marafiki siku tatu. Nilipofika 38 mgongo ukakataa, nikalala miezi miwili, na wale wa nyama choma hakuna hata mmoja aliyenipigia simu, aliyekuja ni jirani ambaye tuligombana juu ya mbuzi. Nikamjua mtu siku hiyo.

HajatiJinja
Pole baba. Lakini mwanangu, kabla ya kuuliza watu, umeswali istikhara? Vijana wa sasa mnakimbilia simu kwanza.

MwalimuTororo
Mbona hajasema hela anataka kuifanyia nini? Mtu hatoi akiba ya uzeeni hivi hivi tu.

MtuWaArua
Ni kibanja mwalimu. Matugga, nje kidogo ya Kampala, futi 50 kwa 100, milioni 18. Pazuri sana, kuna mfenesi mkubwa katikati na udongo wake mweusi, nilichota kidogo nikaweka kwenye mfuko wa shati nikaenda nao nyumbani.

KijanaKawempe
Mimi 24, mzee wangu nakuonea wivu una akiba. Mi ada ya muhula wa mwisho nilibeti yote, matokeo ya chuo sijapewa mpaka leo na mama anadhani nilishamaliza. Hilo ndio somo langu, naomba na mimi mnishauri nimwambieje.

MwalimuTororo
Kijana fungua uzi wako tutakuja. MtuWaArua, nakuuliza wewe, umeshalipa chochote?

MtuWaArua
Milioni 6. Nilikopa kwenye SACCO ya kazini. Lakini msinihukumu, muuzaji alikuwa na mteja mwingine siku ileile, ningechelewa kingeenda. Na ni mtu mzuri, tulikula naye.

FundiBomba
Aliyekuuzia ni mfenesi bwana 😂

MwalimuTororo
Sicheki. Kibanja ni haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, hicho kiko juu ya ardhi ya nani? Kama ni mailo, yaani ardhi ya mtu binafsi mwenye hati, huyo mwenye ardhi anamjua muuzaji, analipwa busuulu, ile kodi ya kila mwaka? Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mwenye kibanja apate ridhaa ya mwenye ardhi kabla hajauza, na ampe yeye nafasi ya kwanza kununua. Na kama familia inaishi hapo, mke wa muuzaji lazima akubali. Alisaini?

MtuWaArua
Mkewe hakuwepo, alikuwa kijijini. Mwenye ardhi walisema tutamuona baadaye. Jamani nyinyi mna kwenu, mimi sijawahi kuwa na pa kusema hapa ni pangu. 1979 Amin alipoanguka mama alivuka nami mgongoni mpaka Zaire, nimekulia kwenye ardhi ya watu, tukarudi tukakuta shamba la babu lina watu wengine. Ndio maana nina haraka, nilikuwa nitoe hiyo asilimia 20 nimalizie.

MzeeBusia
Ngoja kwanza. Amin alitolewa Kampala Aprili 1979. Mwenye 45 leo kazaliwa 1980. Ulibebwa mgongoni kabla hujazaliwa? Hii hadithi imetungwa, tunapotezewa muda.

DerevaMalaba
Kweli aisee, sikupiga hiyo hesabu.

HajatiJinja
Subhanallah, na mimi nimeshamuombea dua.

MtuWaArua
Mzee wangu sijatunga. Shule nilianzia ukimbizini, hakuna mtoto aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alitupanga mstari, unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaandikwa darasa la kwanza na mwaka anakukadiria yeye. Mimi akaandika 1980. Karatasi hiyo ndiyo nilienda nayo wakati wa kuandikisha vitambulisho 2014. Mama anasema tulipovuka nilikuwa nimeshaanza kutembea ila nalia njaa ndio akanibeba. Kwa hiyo 45 ni ya kitambulisho, mimi mwenyewe niko 47 au karibu na hapo.

MzeeBusia
Hilo la sikio nalijua, hata mimi nilipimwa hivyo. Nisamehe ndugu yangu. Kwa hiyo siku serikali inasema una 55 wewe utakuwa 57.

MwalimuTororo
Basi usitoe hata shilingi mpaka umuone mwenye ardhi na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wa pale. Mama watoto anasemaje?

MtuWaArua
Hajui.

HajatiJinja
Baba! Mwambie leo, kabla ya Isha.

FundiBomba
Kaka nafuta utani wangu. Milioni 4 zangu zilipotea Mukono hivihivi, na mke nilimwambia mwisho kabisa. Aliniuliza tu kwa nini nilimuona mgeni.

MtuWaArua
Nimemwambia. Nilimpa risiti, ile karatasi ya daftari aliyoandika muuzaji, akaisogeza kwenye taa akaisoma mara mbili. Hajafoka. Ameuliza muhuri wa LC uko wapi, nikanyamaza. Halafu akaenda kumuomba dada yake abaki na watoto Jumamosi, anasema tunaenda Matugga wote wawili, tunaanzia kwa mwenye ardhi.