Naomba kueleweshwa: Mbona filamu za Kirusi kuhusu zama za Stalin hazituonyeshi kambi zenyewe za wafungwa?

Muulizaji, Mikindani

Ndugu wanajamvi, salaam. Tuna kikundi kidogo kinachokutana kila Jumamosi baada ya swala ya isha kutazama filamu kwenye ukuta wa nyumba ya mwenzetu, na safari hii zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Nilileta filamu ya Nikita Mikhalkov ya mwaka 1994, ile iliyopata tuzo ya Oscar, inayosimulia siku moja ya kiangazi mwaka 1936 katika nyumba ya Kotov, kamanda shujaa wa mapinduzi. Kwa muda mrefu watu wanaoga mtoni, wanapiga piano na kutaniana, hata wenzetu wawili wakaaga mapema. Kisha gari jeusi linafika kumkamata Kotov na mambo yamekwisha. Niliwaahidi filamu ya mateso, nao wakaniuliza mateso yako wapi. Sikuwa na jibu.

Mwalimu mstaafu, Lindi

Mwanangu, irudie sehemu ile gari linapotoka nyumbani. Binti mdogo wa Kotov anapakatwa na dereva, anashikishwa usukani, anafurahi kupita kiasi, kisha anateremshwa na kurudi nyumbani akiimba, wakati sisi tunajua baba yake anapelekwa wapi na yeye hajui.

Pia kumbuka kwamba wasanii wa huko walilelewa chini ya udhibiti. Aleksandr Askoldov alitengeneza filamu mwaka 1967, ikafungiwa kwa miaka 20, na hakuongoza nyingine tena. Katika filamu ya Tarkovsky ya mwaka 1975, mama anayesahihisha prufu, yaani nakala za majaribio kabla ya kuchapwa, anakimbia kwenye mvua hadi kiwanda cha uchapaji, akihofia kwamba ameacha kosa kwenye kurasa. Neno lenyewe anamnong'oneza mwenzake sikioni, na mtazamaji halisikii kamwe. Aliyewahi kumwona mtu mzima akitetemeka kwa sababu ya herufi moja hahitaji kuonyeshwa gereza.

Muulizaji, Mikindani

Nashukuru, Mwalimu, lakini mwaka 1994 Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umeshavunjika. Nani alimzuia Mikhalkov?

Mchangiaji, Masasi

Shikamoo, Mwalimu. Kaka, nadhani hakuzuiwa na mtu. Andrei Konchalovsky, ambaye ni ndugu yake wa damu, katika filamu yake ya mwaka 2020 alionyesha waziwazi jinsi wafanyakazi waliogomea kupanda kwa bei walivyopigwa risasi katika mji wa Novocherkassk, Juni 1962, ambapo watu 26 waliuawa. Hata hivyo, kilichonikaa mimi si risasi. Ni Lyuda, ofisa wa chama cha Kikomunisti, akichukua mahitaji yake katika chumba cha nyuma cha duka huku wenzake wakisukumana mbele, na baadaye ni lami mpya inayomwagwa uwanjani kwa kuwa damu imekataa kutoka.

Babu yangu alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mikorosho yake ikabaki mwendo wa nusu siku kwa miguu. Siku ya kuhama hakuisimulia hata mara moja, lakini kila msimu wa korosho alitutajia idadi ya miti. Ndiyo maana filamu hizi hazinichoshi.

Mwalimu mstaafu, Lindi

Marahaba, binti yangu. Habari ya babu yako imenigusa, ila tusivipime vitu hivi kwa kibaba kimoja. Kwa kumbukumbu za dola ya Kisovyeti yenyewe, mwaka 1937 na 1938 peke yake watu zaidi ya 680,000 walihukumiwa na kupigwa risasi. Babu yako alibaki na wajukuu wa kuwahesabia miti.

Kwa Jumamosi ijayo napendekeza filamu ya Tengiz Abuladze, iliyopigwa mwaka 1984 na kuruhusiwa mwaka 1987. Yeye ni Mjojia, si Mrusi, lakini zama ni zilezile. Mwanamke anafukua maiti ya dikteta kila inapozikwa. Humo kuna wanawake wanaokwenda kwenye magogo yaliyoletwa kwa treni kutoka kambini, wakitafuta majina ambayo waume zao huenda wameyachonga kwenye miti. Mmoja analiona jina, analipapasa gogo na kusema nalo. Kambi haionekani, na pembeni msumeno unaendelea kupasua.

Muulizaji, Mikindani

Nimeipata, Mwalimu, ila nakala yangu haina tafsiri ya maandishi chini. Mwenye nayo anisaidie kabla ya Jumamosi. Wale wawili walioaga mapema nimewaambia kuna maiti inayofukuliwa mara kwa mara, nao wamesema watawahi nafasi za mbele.