Walanguzi wa santuri Dodoma, mnatuuzia mikwaruzo kwa bei ya dhahabu

Wakuu, salamu tutapeana baadaye.

Huu ulanguzi wa santuri hapa Dodoma na wilaya za jirani umepitiliza. Mtu anazunguka Kondoa, Mpwapwa mpaka Manyoni, anakuta boksi la sahani uvunguni kwa mzee, analibeba zima kwa bei ya jogoo. Siku mbili baadaye sahani moja tu ya boksi hilohilo imepigwa picha gizani, imeandikiwa "ADIMU SANA, TOLEO LA KWANZA", bei laki mbili, haipungui. Ukiuliza hali yake unajibiwa "inaimba". Inaimba! Hata redio yenye betri zilizoanikwa juani inaimba.

Hiyo laki mbili imetoka wapi? Imetoka Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuziana santuri, ila wamesoma upande usiohusika. Kule kila toleo lina ukurasa wake, na ukurasa una mambo mawili tofauti: bei ambazo wauzaji wanaomba, na historia ya bei ambazo watu walilipa kweli, yaani ya chini, ya kati, ya juu, na tarehe sahani ilipouzwa mara ya mwisho. Mlanguzi anafungua orodha ya wanaoomba, anamchukua aliye juu kuliko wote, anazidisha kwa shilingi, basi. Kuomba ni bure, jamani. Sahani inaweza kukaa kwenye orodha miaka kwa dola 150 bila kuguswa, huku zilizouzwa ziliondoka kwa 30.

Na hata hiyo bei ya kati haisimami peke yake, inategemea hali. Wakusanyaji wengi wanatumia vipimo vya Goldmine: M ni mpya kabisa, NM karibu na mpya, kisha VG+ na VG (nzuri sana), G+, G, na mwisho F na P ambazo ni za kutundika ukutani. Kwa mwongozo huo, kama NM ni dola 60, VG+ ni nusu yake, 30. VG ni robo, 15. G na G+ ni asilimia 10 hadi 15, yaani dola 6 hadi 9. Angalieni herufi zinavyodanganya: G kwa Kiingereza maana yake "nzuri", lakini kwa wakusanyaji G ni sahani iliyochoka, inayochakacha mwanzo hadi mwisho. Sasa sahani iliyozungushwa baa na kwenye harusi miaka ya 1970 kwa gramafoni ya sanduku itakuwa daraja gani? Vichwa vya sindano vya seramiki vya mashine zile vilikandamiza kwa gramu 5 na kuendelea, wakati vichwa vingi vya leo vinatua kwa gramu 1.5 hadi 2. Sindano ikishaisha ncha, haisomi tena mtaro, inaulima. Hiyo ni G, tukiwa waungwana. Muuza zabibu wa barabarani hathubutu kukuuzia kichala kilichooza kwa bei ya kizima. Nyie mnathubutu.

Suala la uadimu tusibishane, lina sababu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Muziki mwingi wa dansi ulirekodiwa Radio Tanzania kwenye kanda, na sahani zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, na mzigo ukakatika. Ndiyo maana sahani za bendi zetu za miaka hiyo ni chache. (1983 hiyohiyo, mlanguzi wa sukari na sabuni hapa nchini alikuwa hapati usingizi kwa msako wa wahujumu uchumi. Wa santuri amepona kwa kuchelewa kuzaliwa.) Lakini chache na nzima ni vitu viwili. Sahani adimu iliyokwisha bado imekwisha.

Kinachoudhi zaidi ni hilo neno "toleo la kwanza". Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kwanza kwenye sahani ndogo za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika. Elpii, zile sahani kubwa za nyimbo nyingi, za mkusanyiko zilikuja baadaye. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, na baada ya hapo zikatoka elpii za kukusanya nyimbo zake. Ni sahani halali na tamu, lakini ukiniambia elpii ya namna hiyo ni toleo la kwanza la 1972, wewe hujui unachouza au unajua sana.

Kabla ya kutoa hela, kagueni hivi. Someni namba zilizochongwa kwenye eneo laini kati ya mwisho wa mitaro na lebo, pande zote mbili, mlinganishe na ukurasa wa toleo husika. Lebo inaweza kuigwa kwa mashine ya kuchapa, namba za kuchongwa si rahisi. Geuzeni jalada: likiwa na msimbo wa mistari au anwani ya tovuti, hadithi ya miaka ya sabini imeishia hapo. Elpii iwekeni kwenye mzani wa jikoni. Za zamani nyingi zinacheza gramu 120 hadi 140, matoleo ya kurudia ya siku hizi mengi yanajisifia gramu 180. Mzani peke yake hautoshi kuhukumu, ila unaamsha maswali.

Kisha hali. Isimamisheni dirishani, mwanga uipige kwa mshazari. Mkwaruzo ambao ukucha haukwami ni wa juu juu, huenda usisikike kabisa. Ukucha ukikwama, utasikia tiki kila mzunguko. Mitaro ikiwa ya kijivu badala ya nyeusi inayometa, imelimwa, na hakuna dawa ya kurudisha kilicholimwa. Tazameni tundu la katikati: mistari mingi kulizunguka kwenye lebo ni ya mikono iliyotafuta tundu kwa kupapasa, mamia ya mara. Ilazeni juu ya kioo kuona kama imepinda. Na ifuteni kwa karatasi nyeupe laini, maana wapo wanaopaka dawa ya kung'arishia dashibodi ili ipendeze pichani. Ule mng'ao wa upinde wa mvua ni mafuta, na mafuta kwenye vumbi la Dodoma yanakuwa msasa.

Haya, na nyie wa matoleo mapya yenye namba. Tangu Record Store Day, siku ya maduka ya santuri yenye matoleo maalumu, ianze 2008, karibu kila Aprili kuna watu wanapanga foleni Ulaya na Marekani, na kabla ya jioni sahani ziko mtandaoni kwa bei mara tatu. Ugonjwa umefika huku. "Namba 12 kati ya 500" mnaiuza kama kiwanja cha kona! Namba ile inagongwa kwenye jalada, haisemi sahani ilichapwa ya ngapi. Bamba moja la chuma linaweza kugonga sahani takribani 1,000 kabla halijachoka, kwa hiyo 500 zote zinaweza kuwa zimetoka kwenye jozi moja ya mabamba, moja kwa kila upande, na ya 12 na ya 480 zinatoa sauti ileile. Rangi ya sahani nayo ni pambo tu. Kampuni iliyozitoa ikiamua kuchapa tena nyeusi ya kawaida, hizo bei zinaporomoka, na anayebaki nayo mkononi ni aliyenunua kwenu.

Ninachotaka ni kidogo: daraja, namba za kuchongwa pande zote mbili, picha ya mwangani. Asiyeweka, tumpite.

Mbebaboksi
Mleta uzi umeongea kwa uchungu, ila upande wetu hujauona. Boksi la sahani 40 kutoka vijijini, zinazofaa ni tano. Nyingine zimeliwa na panya majalada, zimebanduka lebo, zimepinda kwa kulazwa chini ya magunia. Kuna nauli, kuna kuosha, kuna kusikiliza moja moja. Na anayeagiza nje je? Hizo dola 30 unazozitaja haziishii 30.

SindanoButu
Mbebaboksi, hapo kwenye kuagiza una hoja, basi tupige hesabu. Sahani dola 30, posta tuseme 25, jumla 55. VAT ni asilimia 18 ya jumla yote pamoja na posta, karibu dola 10. Umefika 65, na ushuru wa forodha wenyewe bado haujaingia, kwa kuwa VAT inapigwa juu ya thamani ukiongeza na ushuru. Weka faida yako, hakuna atakayekununia. Lakini sahani ya uvunguni Kondoa haikupita forodha. Kwa nini nayo inalipishwa VAT ya mzigo wa nje?

Mleta uzi
Asante mkuu. Na zile 35 mbovu, kaka Mbebaboksi, usinibebeshe mimi. Ulizinunua kwa bei ya jogoo ukijua ni mbovu.

Dada wa Makole
Kuosha kusiwe kisingizio cha laki, ni kazi ya dakika kumi. Msitumie maji ya bomba, ya kwetu yana chumvi, yakikauka yanaacha ukoko mweupe ndani ya mitaro. Nendeni gereji mkanunue maji ya betri, yale yaliyokenekwa (distilled) YASIYO na asidi, someni chupa. Mililita 800 za maji hayo, 200 za spiriti ya isopropili, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Brashi laini, fuateni mzunguko wa mitaro, msikate njia. Lebo isilowe. Suuzeni kwa maji matupu ya betri, simamisheni kwenye kichanja cha vyombo kivulini. Jalada la ndani liwe jipya, maana kuirudisha kwenye karatasi ileile yenye vumbi jekundu ni kazi bure.

Ila zile nzito za zamani za mzunguko wa 78, spiriti MARUFUKU. Zile ni za shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Maji na sabuni kidogo tu, mkaushe haraka. Na msizipige kwa sindano ya elpii, mitaro yake ni mipana, sindano inaogelea chini.

SindanoButu
Nimwongezee dada: gramafoni ya kukoroga yenye sindano ya chuma isiguse sahani ya plastiki hata mara moja. Mara moja inatosha kuishusha kutoka VG+ mpaka ukutani.

Mbebaboksi
Sawa, mmenishika. Zangu tatu nilizotangaza wiki hii nitaziwekea namba na daraja. Kesho saa nne nazitoa nje nizipige picha juani kama mlivyotaka.

Dada wa Makole
Dirishani, kaka, si juani! Jua la saa nne la hapa, sahani nyeusi, ukipokea simu moja tu ukirudi umekuta bakuli.

Mleta uzi
Na bakuli nalo ataliandika adimu.