Naomba ushauri: modeli inasema nyuzi 69, kipimo kinasema 61

Habari za kazi wakuu. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Nina bamba la alumini la sm 15 kwa 15, unene mm 3, limepakwa rangi nyeusi na kusimamishwa wima. Hita ya wati 20 imebanwa katikati. Hewa ya chumba ni nyuzi 25, feni hakuna. Baada ya saa nzima thamokapo (kihisi cha waya cha kupima joto) niliyoibandika kwenye bamba inasoma 61, na haisogei. Modeli yangu ya kompyuta, inayokokotoa joto la bamba hilo, inang'ang'ania 69.

Meshi (vipande vidogo ambavyo modeli inaligawa bamba) nimeipunguza ukubwa mara mbili, jibu halikubadilika hata nusu nyuzi. Kwa upoaji wa hewa nimeweka wati 10 kwa mita mraba kwa kila nyuzi, namba ya kitabuni tu. Mnururisho (joto linalotoka kwenye bamba kama miale) sikuuweka kabisa. Nikipandisha hiyo 10 ifike 12 na kidogo, majibu yanalingana, ila naona huko ni kumlazimisha shahidi.

Jambo jingine: ncha ya thamokapo nimeishika kwa selotepu. Nikiibonyeza kwa kidole (chenye glavu) inapanda nyuzi 2.

Sasa, nianze na mnururisho au na thamokapo? Na nitatenganishaje makosa ya kipimo na ya modeli bila kubahatisha?