Mbwa wenye mzio wa ngozi: tupeane uzoefu

Wadau, habari zenu. Mtaani kwetu mbwa akijikuna tu, anapakwa oili chafu. Inaniuma sana. Mbwa hujilamba, oili yote inaishia tumboni, na kama tatizo ni mzio haimsaidii chochote.

Nina jike la German Shepherd. Alikuwa anajing'ata kiunoni, juu kidogo ya mkia, mpaka manyoya yakaisha. Daktari wa mifugo alimchana kwa kitana cha meno yaliyobanana, akakung'utia vumbi jeusi kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vumbi likageuka jekundu: kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyokauka. Kumbe ni mzio wa mate ya kiroboto, na kwa mbwa wa hivyo hata viroboto wachache wanatosha. Alipewa dawa, tukafua matandiko kwa maji ya moto na kufagia nyufa za banda, maana mayai na viluwiluwi vyake hukaa sakafuni. Wa kwenu walianzaje?

*Mdau wa Arusha:* Wangu hana kiroboto hata mmoja. Analamba nyayo mpaka manyoya meupe yanakuwa na rangi ya kutu, na masikio yananuka. Daktari alisema ni mzio wa chavua na vumbi, hauponi kabisa ila unatulizwa. Namfuta miguu kwa kitambaa kibichi kila akitoka majanini, ukizidi namrudisha kwa daktari.

*Mdau wa Mombasa:* Kwangu mimi ni chakula. Alikula kuku tangu mdogo. Tuliambiwa tumpe sungura na viazi pekee kwa wiki nane, asionje hata mfupa wa mezani. Kazi ilikuwa kwa watoto, wanamrushia vipande kisirisiri! Alipotulia tukamrudishia kuku, akaanza kujikuna upya. Hapo ndipo tulipokuwa na uhakika.

*Mdau wa Morogoro:* Nyongeza muhimu, jamani. Wa kwetu alidaka nyuki mdomoni. Mara uso ukavimba, macho yakabaki mstari, vinundu vikamjaa mwilini. Tulimkimbiza akachomwa sindano. Ukiona anapumua kwa shida, anatapika, fizi zimepauka au analegea, usisubiri kesho. Na tafadhali, msimpe vidonge vya maumivu vya binadamu. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua. Hata za mzio, kipimo apange daktari.

*Mdau wa Dodoma:* Shikamooni. Wangu anajikuna masikioni na viwikoni, na mimi mwenyewe nimeanza kuwashwa mikononi. Nao ni mzio?

*Mwanzisha mada:* Marahaba. Hiyo ya wewe kuwashwa inanipa wasiwasi, maana mzio hauambukizi. Upele wa utitiri ndio unaotoka kwa mbwa kuja kwa mtu, na mara nyingi huanzia kingo za masikio na viwiko. Mpeleke akakwanguliwe ngozi, ipimwe kwa hadubini. Nawe nenda zahanati, uwaambie una mbwa anayejikuna.