Uzamili: unasihi wa afya ya akili, saikolojia tiba au ustawi wa jamii? Niko Kigoma

BintiMwanga: Wakuu, habari za humu. Nina shahada ya ustawi wa jamii na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi na wakimbizi Nyarugusu, Kasulu. Nataka kusoma uzamili, njia ziko tatu: ustawi wa jamii Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini, saikolojia tiba Muhimbili ambako lazima nihame, au unasihi wa afya ya akili wa Marekani kwa njia ya mtandao. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Waliopita huko naombeni mawazo.

MzeeIsevya: Mwanangu, mimi ni mstaafu wa ustawi wa jamii hapa Tabora. Kabla ya jina la shahada, uliza utakaa na watu saa ngapi chini ya msimamizi. Nilipokea kijana mwenye uzamili, tasnifu yake safi kabisa. Siku ya kwanza akaletewa mama aliyefiwa. Mama kakaa, anafunga fundo la kanga, analifungua, analifunga tena, hasemi neno. Yule kijana akavuta fomu akaanza kumuuliza umri. Mama akaondoka na hakurudi. Iliniuma sana, maana kijana alikuwa na moyo, ila hakuwahi kukaa na mtu mwalimu wake akiwa pembeni.

NesiKibondo: Ya Marekani niliifuatilia mpaka mwisho. Programu za unasihi zenye ithibati ya CACREP, chombo cha kule kinachokagua programu za unasihi, ni krediti 60. Unaanza na mazoezi ya vitendo ya saa 100, halafu saa 600 nyingine, na kati ya hizo 240 lazima uwe na mteja mwenyewe. Ustawi wa jamii wa kwao, wenye ithibati ya CSWE, baraza lao la elimu ya ustawi wa jamii, unadai saa 900 za mazoezi. Mimi nilikwamia kwa msimamizi: awe na uzamili na uzoefu wa miaka miwili baada ya hapo. Nilizunguka wilaya tatu nikakosa. Leseni nayo kila jimbo la kule linatoa yake, huku haikusaidii. Na shahada yenyewe utaipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe kwanza.

MwanaUjiji: Muhimbili kuna wodi na wataalamu wa magonjwa ya akili, unajifunza ukiona. Kama si mtoto ningekwambia panda treni kesho. Huria wana kituo hapa Kigoma mjini, unabaki na kazi yako. Nawe usijidharau: Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mrundi akikwambia usiku halali, unamsikia kwa maneno yake mwenyewe bila mkalimani katikati. Hicho ukihama unakiacha.

BintiMwanga: Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Habari ya yule mama imenikaa, nami nimewahi kukimbilia fomu. Marekani naiweka kando, nisingempata msimamizi. Jumatatu nashuka mjini kituo cha Huria kuuliza saa za mazoezi ni ngapi, na kama naweza kuzifanyia hospitali ya Maweni. Muhimbili itasubiri mtoto aache ziwa. Nitaleta majibu hapa hapa.

MzeeIsevya: Marahaba mwanangu. Uliza na nani atakayezisaini hizo saa, na kama atakaa nawe chumbani.