Kona ya mtoto kwa paundi 80: kanga, boksi na uzi

Kutoka: dada wa Leicester

Ndugu zangu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Niko wiki ya 31, mtoto wa kwanza. Tunaishi nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala na sebule ndogo, na mkataba unasema wazi: hakuna kupaka rangi, hakuna kutoboa ukuta. Tumekaa na mume wangu tukapiga hesabu, kilichobaki kwa ajili ya mtoto ni paundi 80. Nguo na nepi za mwanzo tumeshapewa. Ninachouliza ni pale atakapolala na pale nitakapombadilishia.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtazama rafiki yangu. Chumba cha mwanawe kimepakwa mawingu, kuna pazia, zulia, taa ya umbo la mwezi. Nilirudi nyumbani nikalia. Simuonei wivu. Nilitamani tu na wangu akute pameandaliwa, ajue alikuwa anangojewa.

Nina cherehani ya kuazima, mshono wa kunyooka nauweza. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi ujao na doti kadhaa za kanga, na keshaniambia atashona mito ya kuzungushia kitanda ili mtoto asijigonge kwenye fito. Naombeni mawazo ya vitu vya kutengeneza kwa mkono, na mniambie pia kipi nisijisumbue nacho.

Kutoka: kaka wa Reading

Hongera dada. Kitanda usinunue kipya. Kwenye vikundi vya Facebook vya mtaani watu wanavitoa kwa bei ya kutupa kwa sababu vinawajazia nafasi. Ukienda kukitazama beba rula: uwazi kati ya fito na fito usipungue sentimita 4.5 wala usizidi 6.5. Kitikise. Kikilegea au kama skrubu zimepungua, kiache hapo hapo hata kama ni cha bure.

Godoro nunua jipya, gumu, lenye kitambaa kisichopitisha maji. Vitanda vingi vya hapa ni 120 kwa 60, vile vikubwa ni 140 kwa 70, lakini pima ndani mwenyewe. Godoro likikaa, pembeni pasiingie zaidi ya vidole viwili.

Kutoka: mama wa watatu, Milton Keynes

Mdogo wangu, pole kwa machozi na hongera kwa safari. Nitaandika kirefu kwa sababu mimi nilipitia hapo hapo, na mtoto wa kwanza nilitumia pesa ambazo hazikuwa na kazi.

Kwanza kabisa: huhitaji chumba. Hapa Uingereza NHS (huduma ya afya ya serikali) na Lullaby Trust (shirika la usalama wa watoto wachanga usingizini) wote wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya kwanza, usiku na mchana. Basi ukiona mtu amemaliza mshahara kupamba chumba cha peke yake, ujue mtoto hatakilalia hadi nusu mwaka. Wewe na chumba chako kimoja umeshatimiza sharti. Unachotengeneza ni kona: kitanda, ukuta wa nyuma yake, dirisha, na mahali pa kubadilishia. Vitu vinne, na vingi vinawezekana kwa kanga.

Anza na ukuta, maana hapo ndipo jicho linapokwenda. Hamruhusiwi rangi wala misumari, lakini kanga inaweza kubandikwa kwa wanga. Chukua robo kikombe cha wanga wa mahindi (wa kupikia, uko supamaketi), ukoroge na maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, kisha umimine kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka huku unakoroga. Utapata uji mzito unaong'aa. Uache upoe. Paka ukutani kwa brashi pana, weka kanga kuanzia juu, ilainishe kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, halafu paka tena uji juu yake. Ikikauka inakaa kama karatasi ya ukutani. Siku ya kuhama unalowesha kwa sponji, unaivuta taratibu, unafua, kanga yako hiyo hapo na ukuta wa mwenye nyumba uko kama ulivyoukuta. Jaribu kwanza nyuma ya mlango kwa kipande kidogo. Usibandike juu ya karatasi ya ukutani iliyopo.

Mambo matatu hapa msiyadharau.

Kanga mpya hutoa rangi, hasa nyekundu na nyeusi. Loweka kwenye maji ya chumvi, fua, rudia mpaka maji yatoke meupe. Na ina wanga wake wa kiwandani unaoifanya iwe ngumu, huo nao utoke.

La pili, usibandike kwenye ukuta wa nje wa nyumba. Kuta za nje za hapa hutoa unyevu wakati wa baridi, na kitambaa kikiuziba ukuta huo, nyuma yake kunaota ukungu mweusi. Mimi niliugundua mwezi wa pili, baada ya kusikia harufu pale mwanangu alipokuwa analala. Sitaki ulipate hilo. Tumia ukuta unaotenganisha chumba na sebule, na kitanda kikae hapo hapo, mbali na hita na dirisha.

La tatu, soma jina la kanga! Mama zetu wananunua kwa kupenda pindo na mji, halafu jina ni fumbo la kumrushia jirani. Kwa ukuta wa mtoto tafuta lenye heri. «Nani kama mama» linapatikana kila duka.

Dirisha: iko fimbo ya pazia inayojikaza kwa springi kati ya pande mbili za dirisha, haitaki tundu. Shona pazia la kanga na nyuma yake weka kitambaa kizito cheusi cha kuzuia mwanga. Kiangazi hapa kunapambazuka saa kumi na nusu alfajiri, utanishukuru mwezi wa sita. Kama dirisha lina pazia la kukunja lenye kamba ndefu, kamba hiyo ifungwe juu kabisa. Kamba karibu na kitanda inaua.

Sasa kitanda chenyewe. Hapa mkono wako usiguse. Godoro, shuka moja iliyokazwa, mtoto chali, basi. Hakuna mto, hakuna doli la kitambaa, hakuna blanketi zito, hakuna chandarua cha mapambo kinachoning'inia. Chumba kiwe nyuzi 16 hadi 20. Najua kinaonekana kitupu na kinauma moyo wa mtu aliyeandaa, lakini mapambo yote yaishie ukutani. Na ukutani juu ya kitanda iwe kanga tu, si fremu ya kioo wala rafu.

Shuka ya kanga? Pima kabla ya kukata. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Godoro la 120 lenye unene wa 10 linakula 140 kwa urefu, zinabaki 5 kila upande za kukunjia chini. Hazitoshi, shuka itafyatuka usiku na kumfunika uso. Kwa godoro dogo la kitanda cha pembeni mwa mama inatosha vizuri, weka lastiki kuzunguka yote. Kwa hilo kubwa nunua shuka ya dukani.

Kutoka: dada wa Glasgow

Naongeza kwa walioko Uskoti: tangu Agosti 2017 kila mtoto anayezaliwa huku anapewa boksi na serikali, lenye godoro lake dogo, nguo, kitabu, kipimajoto. Mwambie mkunga wako akuandikishe mapema. Wazo lilitoka Finland, wao wanatoa tangu 1938.

Boksi likishamaliza kazi usilitupe. La kwangu nimelivika kitenge kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ndimo midoli inamokaa. Dada wa Leicester, wewe hulipati, lakini boksi lolote gumu la matunda au la karatasi za ofisini linafanya kazi hiyo hiyo. Mimi nilitengeneza manne ya saizi moja, yakaingia kwenye rafu badala ya droo: nepi, nguo, taulo, vitambaa vya kucheulia.

Kutoka: mama wa Minneapolis

Dada, kuhusu mito ya kuzungushia kitanda. Huku Marekani sheria ya mwaka 2022 imepiga marufuku kabisa kuitengeneza kwa kuuza. Watoto walikuwa wanasukuma uso kwenye mto wakakosa hewa, au wananaswa kati ya mto na godoro. Na kile tunachokiogopa, kujigonga, mtoto mchanga hana nguvu ya kujiumiza kwenye fito.

Mama mkwe wangu aliishona kwa mkono, wiki mbili, na maua ya kudarizi. Sikuweza kumwambia hapana. Niliifumua mbele yake kwa ruhusa yake, tukaigeuza kuwa kifuniko cha mkeka wa kubadilishia nepi. Maua yapo mpaka leo, na kila nikimbadilisha mtoto nasema haya ni ya bibi. Alilia, lakini alikubali.

Walioko huku wanaonunua vya mkono wa pili: vile vitanda ambavyo upande mmoja unateremka vilikatazwa mwaka 2011, usichukue hata kama ni kizuri namna gani. Na nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye risasi (yale madini yenye sumu), usiikwangue mwenyewe.

Kutoka: bibi wa Muscat

Wanangu, asalaam alaikum. Nasoma na nimefurahi.

Mwanangu wa Leicester, mama yako anatoka Tanga kuja kukutunza arobaini yako. Ukimwambia mito haitakiwi na ukaishia hapo, atakaa kwenye kiti na mikono mitupu, na mikono mitupu kwa mama ni huzuni. Mwandalie kazi kabla hajafika. Mimi nilipokwenda kwa binti yangu nilipewa kazi mbili.

Ya kwanza, kining'inio. Mwambie alete kipande cha kisutu, ile kanga ya harusi yenye weusi, weupe na wekundu. Mtoto wa siku chache haoni mbali, anaona kama kutoka titi hadi uso wa mama, na kinachomvuta ni weusi na weupe uliokaribiana, na wekundu. Kisutu ndicho hicho. Kata maumbo kwenye boksi gumu, samaki, nyota, jahazi, yavike kisutu pande zote mbili, shona ukingo, ning'iniza kwa uzi mfupi kwenye pete ya mbao. Usiweke shanga wala vifungo, vikidondoka vitaingia mdomoni. Kikae juu ya mahali pa kubadilishia, pale unaposimama naye, asikifikie kwa mkono. Akianza kuinuka kwa mikono na magoti, kama miezi 5 hivi, kiondoe.

Ya pili, zulia la viraka. Kanga kuukuu zichanwe vipande virefu vya vidole viwili, zisukwe ukili wa tatu tatu kama tunavyosuka mkeka, kisha ukili uzungushwe duara na kushonwa kwa uzi mnene. Kanga sita zinatoa zulia la kumlaza tumbo akiwa macho na wewe umekaa naye. Chini weka raba isiteleze. Jioni moja moja, mnaongea, linaisha bila kujua.

Na kanga moja kuukuu, laini, mwambie asiikate. Hiyo ya mbeleko.

Kutoka: dada wa Leicester

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Nimejifungua salama, mtoto wa kike, ana wiki 5. Naandika kwa mkono mmoja.

Hesabu niliyoahidi wale walioniandikia pembeni: kitanda paundi 20 (kaka wa Reading, nilibeba rula, cha kwanza nilikikataa), godoro 30, fimbo ya springi 6, kitambaa cheusi 9, shuka mbili 8, wanga, uzi na raba 6. Jumla 79. Maboksi bure, kanga za Mama.

Ukuta ulitushinda mara ya kwanza. Nilikuwa na haraka, nikaloweka kanga mara moja tu, wekundu ukashuka ukutani kama machozi. Tuliibandua kanga ikiwa bado mbichi, mume wangu akasugua ukuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka wekundu ukatoka. Tukaloweka tena siku tatu. Sasa imekaa na haijatoa hata doa. Kabati la droo mume wangu alimwandikia mwenye nyumba kuomba tundu mbili tu za kulifunga ukutani lisimwangukie mtoto baadaye, na alikubali kwa maandishi, kwa hiyo wapangaji wenzangu ulizeni, msinyamaze.

Mama alipofika aliuliza mito iko wapi ya kushona. Nikamsomea barua ya mama wa Minneapolis na ya Bibi. Alinyamaza muda. Kisha akaenda kwenye begi, akatoa kisutu chake mwenyewe, kile cha harusi yake, akauliza mkasi uko wapi. Nilimkataza akikate. Akasema, «Kimekaa sandukuni miaka thelathini na mbili hakijaonwa na mtu.»

Jahazi ndilo analolitazama zaidi. Zulia limefika nusu, tumeishiwa kanga kuukuu. Aliye karibu na Leicester na anazo za kutupa, nitakuja kuzichukua.